Faini Iliyokwenda kwa Mzee Asanaly

Kila asubuhi Uulkan alikamua ng'ombe, akachuja maziwa na kuyapeleka mjini kwa gari. Mumewe, Taalai, alibaki na mifugo. Pesa ya maziwa haikuwatosha. Basi Uulkan aliposikia kwamba chekechea ya kijiji inatafuta dereva wa kubeba watoto, hakuilalia habari hiyo. Alikwenda kuomba siku ileile. Mwalimu mkuu, Bi Kanykei, alimpa sharti moja: mwezi wa tisa alete karatasi inayoonyesha makosa yake ya barabarani.

"Sina hata moja," Uulkan alisema kwa fahari.

Wiki hiyohiyo kamera ya barabarani ikammulika.

Ilikuwa kwenye mteremko wa makaburini, akirudi na madebe matupu. Alikuwa anakwenda kilomita sabini na nane kwa saa, mahali pa sitini. Alisimamisha gari, akarudi kwa miguu kutazama. Kibao cha mwendo kilikuwa kimemezwa na matawi ya miti ya mipopla. Kamera yenyewe ilikuwa peupe, safi, inang'aa kama sahani ya mgeni.

Alifika nyumbani na hasira zake.

"Kibao wamekificha, kamera wameipangusa," alimwambia mumewe. "Wanataka twende polepole, au wanataka tukosee?"

Kuanzia hapo ilikuwa kungoja. Watu walisema faini huja kwa ujumbe wa simu. Uulkan alikamua na simu mfukoni, akakanda unga na simu mezani. Ikilia, anaidaka. Ni dadake anauliza habari za siagi. Taalai akawa anamcheka: hiyo simu ingekuwa ng'ombe, ingeshakauka kwa kukamuliwa.

Mwezi wa saba ukapita. Wa nane ukapita. Hakuna ujumbe.

"Kamera ilikuwa mbovu," Taalai alisema. "Mungu kakuona."

Uulkan alichukua karatasi yake ya makosa. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Akaanza kulala vizuri.

Halafu, siku ya kwanza ya mwezi wa tisa, Mzee Asanaly wa Talas alipiga simu. Huyu ndiye aliyewauzia gari miaka minne nyuma. Aliwauzia kwa hati ya uwakala tu, kama ilivyo kawaida ya kijiji kizima: muuzaji anakuandikia karatasi ya kukuruhusu kuendesha, unamlipa, mnakula mkate, mnaagana. Kadi ya gari inabaki na jina lake. Nani apange foleni kubadilisha jina?

Mzee hakupandisha sauti. Alisema amerudishwa mpakani. Alikuwa anavuka kwenda kwa binti yake, upande wa pili, kumkata mjukuu kamba za miguuni, kama afanyiwavyo mtoto anayeanza kutembea. Askari wakamwambia hapiti, ana faini ya mwendo ambayo hajalipa.

"Mwanangu," alisema, "wananiambia mwezi wa sita nilikimbiza gari. Mwezi wa sita nilikuwa mlimani na kondoo, juu ya farasi. Na farasi wangu ana miaka kumi na tisa, hakimbii hata akiona mbwa mwitu."

Sherehe ilikuwa imefanyika bila yeye.

Uulkan alimsimulia mumewe. Taalai alisema jambo ni dogo: wamtumie mzee pesa, alipe kwa jina lake, yaishe. Karatasi ya Uulkan itabaki safi na kazi ataipata.

"Kosa langu alibebe mzee wa watu?" Uulkan aliuliza. "Nimetukana kamera miezi mitatu kwamba inaonea watu. Leo mwonevu ni nani?"

Akavuka ua kwenda kwa jirani yao Saadat, anayefanya kazi kituo cha huduma za wananchi. Alimweleza yote. Saadat alisikiliza huku akimenya karoti, kisha akaweka kisu chini.

"Kamera haijui sura yako, mwenzangu. Inasoma namba ya gari. Namba ina jina la mwenye kadi. Faini inamfuata huyo. Wewe ulikuwa unangoja ujumbe wa mtu mwingine."

"Na kile kibao kilichofichwa?"

"Kibao ulikuwa na haki nacho. Ungekuja wiki ileile, tungetafuta kwa namba ya gari, ungeleta picha, ungeandika kupinga. Lakini kupinga kuna siku zake, na zimepita. Haki yako umeikalia mpaka imeoza."

Maneno hayo yalimuuma Uulkan kuliko faini.

Saadat akamwelekeza. Kwanza aandike kwamba ndiye aliyekuwa anaendesha, aambatishe hati ya uwakala, faini ihamie kwake, ailipe, mzee afunguliwe njia ya mpakani. Pili, gari liandikwe jina la Uulkan. Tatu, aiandikie ofisi ya barabara kuhusu matawi yale, ili mwingine asikamatwe kwa kibao asichokiona. Na asingoje tena simu: kila mwezi atafute mwenyewe.

Alifanya vyote. Alipanga foleni siku mbili. Matawi yalikatwa baada ya barua ya pili. Mzee Asanaly alivuka mpaka, akamkuta mjukuu tayari anakimbia.

Kisha Uulkan akapeleka karatasi mpya kwa Bi Kanykei. Ilikuwa na kosa moja, lenye jina lake. Alieleza kisa chote bila kujitetea, akasimama kuondoka.

"Kaa," Bi Kanykei alisema. Alitoa karatasi nyingine mbili mezani, safi zote. "Hawa wawili nao wameomba. Nimewauliza magari wanayoendesha yana majina ya nani. Mmoja kasema ya shemeji yake. Wa pili hajui hata mwenye gari yuko wapi. Usafi wao ni wa nini, basi? Hapa mbele yangu kuna dereva mmoja tu ninayemjua anavyoendesha."

Akasukuma ufunguo wa gari la watoto upande wa Uulkan.

"Na sitini ni sitini, mama. Kibao kiwepo, kisiwepo."