Mikono Ambayo Dada Yangu Hakuijua

Nilimwahidi mama yangu, akiwa kwenye kitanda alichofia, kwamba dada yangu Kiden hatalishwa kamwe na mkono asioujua. Mama hakuniomba jambo jingine. Hakutaja nyumba, hakutaja kaburi lake, hakutaja hata ndoa yangu, ambayo alikuwa akiidai kila alipopata nafasi. Alitaja mkono tu. Nikasema, ndiyo, Mama. Akafumba macho.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nililelewa Kenya, nikasomea ustawi wa jamii chuoni huko, kisha nikarudi Juba nikiamini kwa dhati kwamba nchi hujengwa kwa sheria nzuri na kwa watu wanaozisoma. Leo ninapowaandikia, wasomaji wenzangu, bado naamini nusu ya maneno hayo. Nusu ya pili ilizikwa pamoja na dada yangu.

Ni lazima niwaeleze Kiden alikuwa nani.

Homa ilimnyang'anya macho na masikio akiwa mtoto mdogo. Tangu hapo alisikia na kuona kwa ngozi. Ukimkaribia, ulimpa mkono wako mtupu, naye aliupapasa kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, polepole, kama mtu anayesoma barua. Akikutambua, aliandika jina lako kiganjani mwako. Jina langu lilikuwa duara moja na mkwaruzo mdogo wa ukucha. Sijui kwa nini. Alilichagua mwenyewe. Tulikuwa pia na alama nyingine chache za namna hiyo, za maneno ya kila siku.

Tulipokuwa tukikimbia vita, mtu fulani alimshika mkono Kiden kwenye foleni ya maji, akampa kipande cha mkate, akaondoka naye. Mama alimpata jioni, ng'ambo ya pili ya kambi. Nani aliyemchukua, na kwa nia gani? Hatukujua kamwe. Kuanzia siku hiyo Mama alimfundisha Kiden kanuni moja kwa ukali usio na mfano: usile kutoka kwa mkono usioujua. Hata ukiwa na njaa. Hata wakikubembeleza. Funga kinywa, ungoje.

Kiden aliishika kanuni hiyo maisha yake yote.

Baada ya Mama kufariki, nilimpeleka katika kituo cha watu wenye ulemavu kilichokuwa mtaa wa Nyakuron. Msiniwazie vibaya. Mimi niliishi Lemon Gaba, mtaa mwingine wa Juba, kazi ilinishika kutwa, na kituo kilikuwa na Mama Asunta, mlezi mwenye mikono mipana, ambaye Kiden alimpenda tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, msimamizi wa kituo alikuwa Lado.

Lado! Tulikaa dawati moja shuleni. Tulisoma chuo kimoja, tukavaa suti moja kwa zamu tulipokwenda kutafuta kazi. Tulirudi Juba katika basi moja, tukiahidiana kwamba hatutakuwa kama wakubwa tuliowalaani vijiweni. Mama alimwita "mwanangu". Ningewezaje kumshuku?

Kisha ugonjwa ukaja.

Mnakumbuka zile siku. Ofisi ya jimbo iliunda kamati ya kuandika mwongozo kwa wote wanaowatunza wazee na watu wenye ulemavu: barakoa, kunawa mikono, glavu wakati wa kulisha, wageni kuzuiwa getini. Niliitwa katika kamati hiyo, na Lado aliitwa pia kwa niaba ya vituo. Niliposikia neno glavu, nilisimama. Nilieleza kwamba wapo watu ambao kuguswa ndiyo lugha yao, na kwamba mkono uliovikwa mpira, kwao, ni mkono wa mtu asiye na uso.

Wajumbe walinielewa. Ikaandikwa aya, nami ndiye niliyeiandika: mtu anayewasiliana kwa kugusa ahudumiwe kwa mikono mitupu iliyonawiwa vizuri, na awe na msaidizi wake mmoja anayemjua, ambaye hatahesabiwa kuwa mgeni.

Lado alikuwa ameketi kando yangu. Aliniegemea akanong'ona, "Wani, buda, hii umemwandikia Kiden."

Nikamjibu, "Nimewaandikia wote walio kama yeye."

Akacheka. "Sawa, mheshimiwa. Lakini ni Kiden."

Tulikunywa chai pamoja siku hiyo. Kicheko chake bado nakisikia... na kila nikikisikia, meno yangu hukutana.

Wiki hiyohiyo geti la kituo lilifungwa. Walezi waliambiwa walale humohumo ndani au wakae nyumbani kwao. Mama Asunta alikuwa na watoto wadogo. Angewaachia nani? Alirudi kwake akilia, na mahali pake wakaletwa vijana wawili wapya waliovaa glavu kuanzia asubuhi hadi usiku.

Nilifika getini nikiwa nimekwisha kunawa, nina barakoa, nina nakala ya mwongozo mkononi. Mlinzi, Mzee Taban, aliyekulia Uganda, alinitazama kwa huruma.

"Ostaz, malesh, samahani. Mkubwa nasema hakuna mtu naingia."

"Mimi si mgeni, Mzee. Imeandikwa hapa."

"Mimi hapana soma hiyo, ostaz. Mimi iko na amri tu."

Nilimpigia Lado simu. Hakutoka. Aliniambia niwe mtulivu, kwamba akinifungulia mimi atalazimika kuwafungulia wote, kwamba Kiden yuko salama. Nilimkumbusha ile aya. Akasema anaijua, na kwamba ataitekeleza mambo yakitulia. Kisha akasema maneno yaliyonituliza kama mtoto: "Anakula vizuri, buda. Mimi mwenyewe namwangalia. Kiden ni dada yangu pia, ama umesahau?"

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Kila nilipopiga simu aliniambia amekula. Amekula na kumaliza. Amekula na kuongezewa. Siku moja alinitumia picha: Kiden ameketi kwenye mkeka, bakuli la asida, ugali wa kwetu, limewekwa mapajani pake. Niliitazama picha ile nikamshukuru Mungu. Sikuona kwamba kinywa chake kilikuwa kimefumbwa.

Wasomaji, Kiden hakuwa akila.

Wale vijana walimpa mikono ya mpira. Aliipapasa, akatafuta kifundo, akatafuta kucha, akatafuta mtu, asimpate mtu. Akafunga kinywa akangoja, kama Mama alivyomfundisha. Walipomlazimisha alitema. Walipomshika kichwa aliwauma. Ndipo wakamwita mkaidi, wakawa wanamwachia bakuli mapajani na kwenda zao. Alikunywa maji ya bomba la uani, kwa sababu bomba alilijua.

Je, Lado hakulijua hilo? Alilijua! Alikuwa mtu wa nyumbani kwetu. Aliwahi kula nasi kwenye sinia moja, akaiona kanuni ya Mama kwa macho yake. Angeweza kuvua glavu yake moja tu, akanawa, akampa Kiden ule mkono ambao Kiden aliufahamu tangu utotoni. Hakufanya hivyo. Alikuwa amesikia uvumi kwamba kituo kitakachofunga geti kwa ukali kuliko vyote kitasifiwa, na kwamba msimamizi wake atapewa cheo katika ofisi ya jimbo. Hakutaka mtu yeyote aseme kwamba pale kwa Lado watu hugusana.

Nayajua haya yote kwa vinywa vya wale vijana, walioniambia baadaye, na cha Mama Asunta, aliyekuwa wa kwanza kuniletea habari. Alikwenda kuchukua nguo zake, akaruhusiwa kusimama mlangoni, akamwona Kiden kwa mbali. Alikuja mbio hadi Lemon Gaba, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, dada yako amebaki mifupa," aliniambia. "Nimemwomba Lado aniache nimshike tu. Amenifukuza."

Nilipofika getini pamoja naye nilikuta magari yamepanga mstari. Wageni kutoka ofisi ya jimbo walikuwa ndani, pamoja na wapiga picha, wakikabidhi sabuni na barakoa. Waliingia kwa miguu yao, kwa geti lilelile nililofungiwa mimi. Lado alikuwa akiwatembeza, akipigwa picha kando ya ndoo za kunawia. Aliniona kupitia matundu ya geti. Macho yetu yalikutana. Akanigeuzia mgongo.

Niliita jina lake hadi sauti ikakauka. Mzee Taban alisimama kati yangu na kufuli, ametazama chini. Wageni walipoondoka, Lado aliwasindikiza kwa gari. Ndipo mzee yule alipotoa ufunguo.

"Ingia, ostaz. Mimi leo macho nauma, hapana ona mtu."

Kiden alikuwa amelala ubavu chumba cha mwisho. Nilinawa, nikapiga magoti, nikampa mkono. Aliupapasa kuanzia kifundo. Alichukua muda mrefu mno, vidole vyake havikuwa na nguvu. Kisha akaandika duara, na mkwaruzo mdogo wa ukucha.

Halafu akaandika neno jingine moja: wapi?

Ulikuwa wapi. Ningeandika nini katika kiganja kile? Geti? Kamati? Aya? Niliandika, nipo. Nikamlowanishia midomo kwa uji, akaufungua mdomo wake mara moja, bila kusita, kwa kuwa mkono aliujua. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kufunga duka. Tulimbeba mimi na Mama Asunta hadi hospitali. Hakutoka hai.

Daktari alituambia hakuwa na korona.

Matangani, ambako sisi Juba tunakuita bika, Lado alikuja na gunia la sukari. Alivaa barakoa safi. Alisimama akaomba kusema, akamwita Kiden shujaa, akasema ugonjwa huu umetuonea sote. Wajomba zangu walinishika mabega, wakidhani nitamrukia. Sikumrukia. Nilikunywa chai yangu nikamtazama. Tangu siku hiyo niliishi kama mtu anayenoa panga: bila haraka, nikilijaribu makali kwa kidole.

Niliandika malalamiko, yakapokewa, yakanyamaziwa. Lado alikuwa amekwisha kupewa ahadi ya cheo. Nikangoja.

Maambukizi yalipoanza kupanda tena, ofisi ilitaka wasimamizi wote wa vituo wafundishwe upya ule mwongozo. Aliyeombwa kufundisha nilikuwa mimi. Lado aliketi mstari wa mbele, penye wakubwa. Nilifundisha barakoa. Nilifundisha kunawa. Tulipofika kwenye ile aya, nilisema nahitaji mtu wa kunisaidia katika zoezi dogo, nikamwita kwa jina. Angekataaje mbele ya mabosi wake?

Nilimfunga macho kwa kitambaa. Nikamziba masikio kwa pamba, nikayakaza kwa vifuniko vya wafanyakazi wa mashine. Kisha nikavaa glavu, nikachukua tonge la asida, nikalipeleka mdomoni pake bila kumwambia lolote.

Alirudisha kichwa nyuma. "Ni nani?" akauliza.

Hakujibiwa. Nililisukuma tonge tena.

"Nani huyo? Wani, ni wewe?" Aliushika mkono wangu akaupapasa, ukawa mpira mtupu. "Buda, ni wewe? Semeni basi."

Nilimshika kichwa, kama walivyomshika dada yangu. Alianza kutetemeka. Nilimwacha atetemeke. Mama Asunta, niliyemwalika, alisimama nyuma akaniambia kwa sauti ya chini, "Imetosha, mwanangu." Nilimsikia. Sikuacha mara moja.

Alipojing'oa kitambaa, uso wake ulikuwa umelowa. Niliwageukia wasimamizi na wakubwa, nikaisoma ile aya neno kwa neno. Nikawaambia siku ilipoandikwa nani alikuwa ameketi kando yangu. Nikawaambia dada yangu alikufa na njaa ndani ya kituo chenye chakula, na kwamba wengine wao walipigwa picha hatua chache kutoka chumba chake. Mmoja wa wakubwa alitoka nje. Waliosalia hawakuweza kunitazama.

Lado hakupata kile cheo. Alipoteza na kituo pia. Marafiki wakapungua, uchumba wake ukavunjika. Sasa anauza soda Nesitu, kando ya barabara kuu ya Nimule, pale malori yanapopumzika.

Nikisafiri njia ile humwomba dereva asimame. Nanunua soda. Simsalimu. Ninakunywa nikimwangalia hadi aangalie chini, kisha namrudishia chupa. Aliwahi kuniambia, "Wani, nimeomba msamaha kwa Mungu." Nikamjibu, "Kiden hakuwa Mungu." Mchungaji wangu ameniambia kwamba ninaila sumu nikitumaini Lado ndiye atakayeumwa tumbo. Huenda. Bado nasimama.

Kwa hiyo siwaandikii ili mniige katika hilo. Siku moja ya kisasi ilikuwa tamu, siwafichi, lakini nilirudi Lemon Gaba jioni nikakuta mkeka wa Kiden, niliouleta kutoka kituoni, mahali nilipouweka, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia kiganjani. Nilichojifunza ni kwamba aya nzuri haina miguu. Haitakwenda yenyewe hadi chumba cha mwisho. Nilidhani kuiandika kulikuwa kutimiza ahadi. Ahadi ilikuwa kwenye mkono, nami niliikabidhi kwa sauti ya rafiki kwenye simu.

Wewe unayenisoma, huenda una mzazi au ndugu katika kituo, asiyeweza kukwambia kwa kinywa jinsi anavyotendewa. Usiridhike kuambiwa kwamba amekula. Waulize wanaomtunza kama yeye anawajua. Dai kuingia, unawe vizuri, umlishe wewe mwenyewe. Ninakuomba uende wiki hii.