Kuroni ya Kaki ya Mama Mukwe

— Chukua kitu yako, Pétronille. Ndoa imekufa.

Sindano ilimchoma kidole. Pétronille alikuwa amekaa na wenzake mbele ya nyumba ya kushona ya misioni, wakimalizia mapambo ya Noeli. Na huyu anayesema maneno hayo si mwingine, ni Védaste, mchumba wake, kijana wa ng'ombe anayeshusha maziwa kutoka milima ya Kashuga. Siku zote akifika lazima amchekeshe kwanza. Leo hata salamu hakuna. Alimtupia kifurushi mapajani, akageuka aende zake.

— Védaste! Simama! Nimekosa nini?

— Mama amekataa.

— Amekataa juu ya nini? Si juzi tu alinitumia siagi! Si alisema posa inafika kwetu Buleusa mbele ya Noeli!

— Alisema. Sasa amekataa.

— Juu mimi ni mutoto wa pori? Juu papa yangu anawinda nyama?

— Hapana.

— Kuna binti mwingine?

— Hapana, Pétro!

— Basi sema!

Védaste aliinamia bidoni yake ya maziwa. Macho yalikuwa mekundu.

— Siwezi. Ile neno si yangu.

— Ni ya nani?

— Ni ya mama. Na hajaniruhusu.

— Kumbe utaniacha hivi hivi, kama mbwa, bila kuniambia kosa?

— Heri unichukie miye, — alijibu, akabeba bidoni yake tupu, akaondoka.

Pétronille alifungua kifurushi huku machozi yanamtoka. Ndani mlikuwa na kuroni ya Noeli, taji la kitambaa, kazi ya mikono yake mwenyewe. Masera Béata, mtawa mzungu aliyewafundisha kushona, aliwaambia kwamba Ulaya watu wanatundika duara kama hilo mlangoni kumkaribisha Mtoto Yesu. Basi Pétronille alikata vitambaa viwili vya mviringo vyenye tundu, kati yake akalaza manyoya ya blanketi kuukuu, akapitisha sindano mistari kwa mistari mpaka duara likavimba kama mkate. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimekwisha, akatumia mabaki ya kaki, rangi ya bua la mtama lililokauka. Akaifunga vizuri, akampa Védaste ampelekee mama yake. Kumpendeza mama mkwe, kuna ubaya gani?

— Huyo iko na mwingine, — alisema Anastasie, mwenzake wa kushona. — Mwanaume akisema siwezi kusema, njo vile.

— Védaste si muntu wa vile.

— Wote si watu wa vile, mpaka siku ile.

Nyinyi mnaosoma hii kwenye simu, mngeshablokiana zamani na kuweka statusi za mafumbo. Wakati ule ukitaka kujua ukweli, unaufuata kwa miguu. Lakini ngoja niwaambie kile ambacho Védaste alikataa kusema. Yeye alifungwa mdomo, mimi hakuna aliyenifunga.

Watu wa Védaste walitoka Rwanda na ng'ombe zao, wakaja kukaa Masisi huku Kongo, kwenye milima hiyo ya Kashuga. Kwao, mwanamke aliyezaa anavaa urugori kichwani, duara la bua la mtama. Ni heshima yake. Mwanamke ambaye hakuzaa haligusi. Na Mukabaranga, mama yake Védaste, hakuzaa. Kijana ni wa mdogo wake Daphrose, aliyefariki mtoto hajaota hata jino. Mukabaranga alimchukua, akamlea, akahama naye. Huku Masisi majirani wapya wakamwita Mama Védaste, naye akaitika. Siri ikabaki ndani ya ukoo.

Sasa fikirieni. Mukabaranga alifungua kifurushi mbele ya wanawake wa ukoo waliokuja kupanga posa. Euphrasie, mke wa shemeji yake, ndiye aliyeanza. Huyo mama mdomo wake haukuwa na mlango.

— Yoo! Mukabaranga! Binti wa pori amekutumia urugori! — akacheka mpaka akashika mbavu. — Nani alimuambia habari zako?

Swali hilo ndilo lililoua. Védaste aliporudisha ng'ombe zizini, alimkuta mama yake amesimama, kuroni mkononi.

— Ulimuambia.

— Nilimuambia nini, mama?

— Kama miye ni tasa! Mukacheka wawili, kisha akashona!

— Mama, nakuapia, sijafungua mdomo!

— Muntu hashone urugori bila kujua. Nilikubeba mu mugongo miaka yote hii, leo unaniuza kwa mwanamuke! Rudisha hii kitu. Umuambie ndoa imekufa. Na ukimuambia sababu, miye si mama yako tena.

Ndiyo maana kijana alishuka na macho mekundu. Angesema neno moja tu, angejiokoa kwa mchumba wake. Hakulisema. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza.

Pétronille hakulala vizuri, na kulipokucha aliweka kuroni na mkasi ndani ya kikapu, akaanza kupanda mlima.

— Unaenda kujiaibisha, — Anastasie alimwambia.

— Aibu ninayo tayari. Naenda kutafuta sababu yake.

Alimkuta Mukabaranga nje ya nyumba, anatikisa kibuyu cha maziwa atoe siagi.

— Hodi, mama.

— Umekuja kuangalia kama nimeivaa?

— Kuvaa nini, mama?

— Usijifanye mupumbavu.

Pétronille alipiga magoti kwenye majani, kikapu pembeni.

— Mama, kama nilishona mubaya, niambie nitengeneze. Kama ni rangi, kijani ilikwisha. Kama ni juu miye ni wa Buleusa, sema waziwazi, nitarudi kwetu. Lakini usininyime Védaste bila kuniambia kosa. Ile sitaweza kubeba.

— Miye njo nitakuuliza, si weye. Védaste alikuambia nini juu yangu?

— Eeh! Mengi! Hachokake kukusema. Saa ingine nasikiaka wivu.

— Kama nini?

— Kama ulimubeba mu mugongo kutoka Rwanda, miguu ikavimba, ukakataa kumupatia muntu mwingine. Kama ukikasirika unapika chakula tamu zaidi. Na nikimugombeza juu ya kichwa yake ngumu, anajibuka: «Si kosa yangu, niliinyonya mu maziwa ya mama.»

Kibuyu kilisimama.

— Alisema nini?

— Mu maziwa ya mama. Njo vile anasemaka.

— Maziwa yangu miye?

— Ya nani ingine, mama?

Mukabaranga alimtazama usoni, akitafuta kicheko kilichofichwa. Hakukiona. Aliona msichana aliyechoka, miguu imejaa matope.

— Hakukuambia ya Daphrose?

— Daphrose njo nani?

Mama yule akasukuma kibuyu pembeni. Pétronille akadhani hasira imezidi. Akatoa kuroni kikapuni, akashika mkasi.

— Mama, kama hii njo inakuumiza, naifumua hapa mbele yako, iishe.

Akakata uzi wa kwanza. Akakata wa pili. Manyoya ya blanketi yakachungulia.

— Acha! — Mukabaranga alimshika mkono. — Acha, mutoto wangu. Kaa chini.

Akamweleza yote kwa mdomo wake mwenyewe: mdogo wake, mtoto asiye na jino, urugori, kicheko cha Euphrasie. Pétronille alijifunika mdomo kwa mikono miwili.

— Ee Mungu wangu! Mama, unisamehe! Kwetu Buleusa hatujue ile! Masera alisema ni ya mulango!

— Ya nini?

— Ya mulango, mama. Ya kutundika. Juu ya Noeli.

Mukabaranga aliinamisha uso kwenye kanga. Halafu bega lake likatikisika, na Pétronille akaogopa, kumbe mama anacheka.

— Ya mulango! Miye nakosa usingizi, navunja ndoa, kumbe kitu ni ya mulango!

Walicheka wote wawili, na kicheko kikageuka kilio bila mtu kujua kilipogeukia.

— Nilimuita muongo, — Mukabaranga alisema, anajifuta kwa kanga. — Nilimufukuzia bibi wa kuoa. Na hata weye hakukuambia?

— Nilimulilia, mama. Alisema ile neno si yake, ni ya mama yake.

— Alisema «ya mama yangu»?

— Njo vile.

Védaste alitokea na ng'ombe, akawaona wawili hao kwenye majani, akasimama mbali kama mgeni. Hakujua akimbie au aje.

— Weye! — mama yake alimwita. — Unasimama nini kule? Kuja usalimie bibi yako.

— Bibi yangu nani? Mama, si ulisema…

— Niliyosema nilikosea. Kuja hapa nikuombe musamaha, na usinifanye nisimame, miguu inauma.

Kijana alikuja, akapiga magoti, akamlalia mama yake mapajani kama mtoto mdogo. Mukabaranga akamshika kichwa.

— Nisamehe, Védaste.

— Yamekwisha, mama.

— Na weye, Pétronille, shona pale ulikata.

— Niitundike ku mulango?

— Mulango gani? Lete hapa. Ni yangu.

Posa ilifika Buleusa kabla ya Noeli kama ilivyopangwa. Ukoo mzima ulishuka, na Mukabaranga alitembea mbele, kuroni ya kaki kichwani. Euphrasie aliiona, akameza mate, akatazama miti. Athanase, baba yake Pétronille, mzee wa kuwinda asiyependa maneno marefu, alisimama katikati ya uwanja.

— Kabla sijapokea kitu, nataka kuona mama aliyezaa huyu kijana. Binti yangu ataenda kukaa mu nyumba yake.

Makuza, shemeji mkubwa wa Mukabaranga, alikohoa, akafungua mdomo kueleza mambo ya ukoo. Védaste hakumngoja.

— Ni huyu hapa, papa.

Mukabaranga alisimama. Aliinyoosha kuroni kichwani, akainua uso.

— Ni miye.

Mzee Athanase alimtazama mama, akamtazama kijana, akamtazama tena mama, taratibu, kama mtu anayesoma nyayo porini.

— Hata musingeniambia, — alisema. — Wamefanana.