Chai Yangu na Bomba Jipya la Wifi

"Wewe mwanamke unamuua mama yetu!"

Wifi alinipokonya chupa ya chai mkononi, akaipiga chini. Paah! Vioo vya ndani vikatawanyika sebuleni, chai ikatiririka hadi miguuni kwa mume wangu.

Na mume wangu... akainua tu miguu isilowe!

Jamani nyie mnaosoma hapa, mshawahi kuitwa muuaji ndani ya nyumba yenu wenyewe, asubuhi asubuhi, hata uso hujanawa?

Ngoja niwaeleze. Mama mkwe wangu ana kifua kibovu. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki kwa gari letu, na njiani nampa chai yake ya moto. Siku za karibuni kila tukifika, mama hoi. Anatapika, kichwa kinamgonga, anaongea kama mlevi. Akikaa hapo kliniki kidogo, nafuu. Tukirudi nyumbani, hoi tena.

Hata mimi kichwa kilikuwa kinaniuma nikiendesha. Nikadhani ni kero za wifi tu.

"Anaumwa akiwa na nani?" wifi akamgeukia kaka yake. "Na huyu! Anakunywa nini? Chai ya huyu!"

"Mume wangu... sema neno, basi."

Akaninyooshea mkono. "Nipe funguo."

Nikampa. Akampa dada yake!

"Kuanzia leo dada ndiye atampeleka mama. Wewe kaa mbali naye kwanza."

Kwanza! Mwanamke aliyeolewa anajua kinachokuja baada ya hiyo "kwanza". Ni begi lake mlangoni.

Mama alinitazama, akataka kusema, pumzi hazikumtosha. Wifi akampakia siti ya nyuma, akapandisha vioo vyote, maana upepo ukimpiga mama kifuani atakohoa mpaka basi. Mimi huwa nateremsha changu kidogo, upande wa dereva.

Gari likawashwa.

Tik-tik-tik-tik... kisha likanguruma, wakaondoka.

Ule mngurumo ulikuwa zawadi ya wifi. Ana duka la vipuri vya magari, na hivi karibuni alimletea kaka yake bomba jipya la eksozi, lile la kwanza kabisa linalopokea moshi kwenye injini. Linang'aa kama sufuria mpya. Mume wangu alijidai mtaa mzima.

Lakini ile tik-tik... zamani haikuwepo.

Na zamani mama hakuwa anatapika.

Nilikuwa nafagia vipande vya chupa. Ufagio ukaniponyoka.

Nikatoka mbio hadi gereji, kwa fundi aliyelifunga lile bomba.

"Fundi, bomba ulilotuwekea ni sawa na la zamani?"

Alifuta mikono taratibu, akaweka mabomba mawili juu ya benchi.

"Hili la kiwandani, la gari kama lenu. Linyanyue."

Zito! Chuma cha kumiminwa, nene, limejaa kutu, sura mbaya hata huwezi kulipiga picha.

"Haya, na hili. Ndugu ya lile aliloleta wifi yako."

Jepesi, linametameta, vibomba vyembamba vimeunganishwa kwa kuchomelewa. Fundi akalilaza juu ya kipande cha kioo. Halikukaa sawa! Pembeni kulikuwa na mwanya, ukucha wangu ukapita.

"Mabomba ya dukani yapo mazuri, sikatai," akasema. "Yaliyotengenezwa kwa akili, injini inapumua vizuri kuliko hata la kiwandani. Lakini haya ya bei poa, yakipata moto yanapinda, yanapasuka kwenye maungio. Nilimwambia wifi yako alirudishe gari nikaze upya. Hakurudi."

"Likipasuka inakuwaje?"

"Moshi haufiki nyuma. Unatokea mbele, tik-tik-tik, unajipenyeza ndani mlimokaa. Na kinachoua humo hakinuki, shemeji. Unasinzia tu."

Nikalishika lile bomba la kutu.

"Kwani letu lilikuwa limepasuka, hadi likatolewa?"

Fundi akatazama chini.

"Lilikuwa zima. Wifi yako alilitaka kwa ajili ya masega, yale ya ndani yanayosafisha moshi. Yana madini ya bei kubwa, wateja wake wengi."

Nikampigia wifi. Akakata!

Nikampigia mume wangu, nikataja bomba la dada yake.

"Bado tu unamwandama dada?" Naye akakata!

"Fundi, washa pikipiki!"

Tulilikuta gari kwenye maegesho ya kliniki, limesogezwa hadi ukutani. Injini inanguruma. Kiyoyozi kinapuliza. Vioo vyote juu. Wifi alikuwa anasubiria zamu yao humo, kwenye ubaridi...

Kichwa chake kilikuwa juu ya usukani.

Nyuma, mama alikuwa ameegemea mlango, mdomo wazi.

"Wifi! Wifi, fungua!"

Milango imefungwa kwa ndani. Fundi akachomoa spana, kioo kikapasuka. Nilimvuta mama kwa makwapa huku napiga kelele, na manesi wakaja mbio na oksijeni.

Mume wangu alipofika, wote wawili walikuwa kitandani na barakoa za hewa. Akanivaa mimi!

"Umewafanya nini?"

"Wamevuta moshi wa gari," daktari akamwambia. "Huyu ndiye aliyewatoa."

Fundi akamalizia yaliyobaki, taratibu, bila kumwonea mtu haya. Mume wangu akamsogelea dada yake.

"Dada... si ulisema la zamani limepasuka?"

Wifi akafumba macho. Machozi yakamtoka chini ya barakoa. Sidhani kama alitaka kumuua mama yake. Alitaka masega tu, na mtu wa kubeba lawama alikuwepo tayari jikoni, anachemsha chai.

Ndipo mama akaivuta barakoa yake pembeni.

"Mkwe wangu..."

"Abee, mama."

"Chai yangu iko wapi?"

Mume wangu akachukua kofia yake, akasema anakwenda kununua chupa mpya.

Nikamfuata hadi mlangoni. Nikamwambia asirudi na chupa peke yake. Arudi na lile neno nililomwomba asubuhi.

Nanyi wenzangu, gari likianza kugonga, fungueni boneti kabla hamjafungua midomo.