Kucha za Baba na Dawa ya Kiungulia

Nyumbani kwetu Marangu, daktari ni mimi. Nilipata B ya Kemia kidato cha nne. Hata ng'ombe akikohoa, naitwa mimi.

Baba yangu, Aminieli, anaongoza wageni mlimani. Mwaka huu kucha zake za miguu zilishikwa na fangasi. Zilikuwa nene, za njano, na buti zilimuuma. Mwezi wa kwanza, hospitalini Moshi walimpa kapsuli za fangasi. Baadaye akapata kiungulia, akanunua vidonge vya kutafuna dukani.

"Baba, anza na cha kiungulia," nilimshauri. "Tindikali ya tumboni ni kali. Itaiachaje kapsuli yako? Izime kwanza!"

"Mwanangu kasoma huyu," Baba akamwambia Mama.

Wiki nane zikapita. Kucha zilikuwa vilevile. Na bosi wake alishasema: Juni, asiyeweza kuvaa buti hapandi.

Tukarudi Moshi. Kwenye dirisha la dawa tulimkuta mfamasia, dada Salvina.

"Shikamoo, baba. Unatumia dawa gani nyingine?"

"Marahaba. Hii ya kiungulia tu. Naanza nayo, halafu kapsuli."

Salvina akashika kichwa. "Jamani, baba! Kapsuli hizi zinaihitaji hiyo tindikali ili ziyeyuke. Ukiizima, dawa haiingii mwilini vya kutosha. Fangasi wanakucheka tu."

Akampigia daktari simu. Kisha akaeleza: "Daktari anasema uanze upya. Meza kapsuli mara tu baada ya kula. Cha kutafuna kisubiri saa mbili au zaidi. Tena zipo dawa za kiungulia zinazopunguza tindikali siku nzima. Kwa hizo, kusubiri hakutoshi. Usinunue yoyote kabla ya kutuuliza."

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Na nani alikupangia ule utaratibu wa kwanza?"

Nikasimama wima. "Ni mimi," nikasema kishujaa.

Baba alifuata maelekezo. Mtori kwanza, ndipo kapsuli. Kucha hukua polepole, lakini mwezi wa tatu tangu aanze upya, ukucha mpya, msafi, ukachungulia. Maumivu yakaisha. Juni akavaa buti, akafikisha wageni kileleni, akashuka anaimba. Nilitembea Marangu nzima kifua mbele.

Majirani walipokuja kumpongeza, niliwasimulia yote, hasa pale niliposema "ni mimi".

Mzee Efraimu, jirani yetu, akaweka chini kata yake ya pombe ya mbege.

"Kijana, siku ile nilikuwa nyuma yenu kwenye foleni. Aliyesema 'ni mimi' ni baba yako. Wewe uliinama kufunga kamba za viatu. Na ulikuwa umevaa ndala."