Nyaya Nyekundu Tupu

"Mgonjwa apewe dawa kabla ya saa sita. Asilie."

Sindano alifuta ujumbe, akabonyeza kengele ya geti.

Mgonjwa alikuwa jumba lililo mbele yake, lenye ukuta mrefu na kamera kila pembe. Kilio chake kilikuwa king'ora kilichofungwa chini ya paa. Katika stoo ya nyuma alikuwa amefungiwa jasusi mwenzake, ambaye kazini walimwita Babu kwa mvi zake. Mlangoni alisimama mlinzi mwenye bunduki na amri moja tu: king'ora kikilia, ua.

Gereji ilikuwa imejaa makombora ya kutungulia ndege. Yangesafirishwa mchana huo.

Kikosi kilisubiri mtaa wa pili. Mtu angegusa ukuta, king'ora kingelia.

Geti lilifunguka upenyo.

"Nimeita fundi," alisema mwanamume mwenye bastola ya Glock kiunoni. "Wewe nani?"

"Fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa ofisini kwa Mkuu wa majasusi, akinywa chai asiyoitaka.

"Mwanamke?"

"Subiri mwanamume, basi. Boksi lako liendelee kulialia. Niondoke?"

Alisonya, akampisha.

Nyumba nzima ilimwita Shemeji. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa silaha, alikuwa amemwoa dada yake, na hakuamini fundi yeyote wa nje. Kila waya humo ndani aliufunga Shemeji. Tangu asubuhi boksi la kengele za ulinzi lilikuwa likitoa mlio mdogo wa kero, limemshinda, na bosi hakujua kwamba ameita mtu.

Alilifungua mwenyewe.

Sindano alitazama ndani. Nyaya nyekundu tupu.

"Umefunga wewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Rangi moja."

"Nilinunua roli moja. Yote yako hapa." Aligonga kipaji cha uso. "Fanya kilichokuleta."

Sauti ya Mkuu ilinong'ona sikioni mwa Sindano. "Gari la mwenye nyumba limekata kona. Tayari?"

Alikohoa mara moja. Bado.

Waya wa geti aliujua. Ulishuka moja kwa moja hadi kwenye swichi ya geti, kando ya boksi. Wa king'ora ungeweza kuwa wowote kati ya zilizobaki. King'ora chenyewe kilikuwa na betri tumboni. Ukate waya wake, kinalia.

Kupima kila waya kungechukua muda ambao hakuwa nao. Alitoa koleo, akabana mmoja.

"Huu ndio mbovu. Naukata."

"Huo ni wa dirisha la jikoni, mjinga wewe!"

"Basi huu."

Shemeji alimdaka kifundo cha mkono. "Una wazimu? Huo wa king'ora! Ukikatika kinalia chenyewe, na kule nyuma..."

Aliuachia mkono wake.

"Kule nyuma kuna nini?"

"Kazi yako, mama."

"Asante, shemeji."

"Usiniite shemeji. Umeolewa na nani hapa?"

Honi ililia nje. Shemeji alinyakua rimoti ya geti, akatoka mbio.

Sindano alichomoa betri ndogo mfukoni. Aliibana kwenye waya wa king'ora ili kiendelee kupata umeme wake kama kawaida. Ndipo akauchomoa ule waya kwenye boksi, na nafasi yake akaipa waya wa geti. Akafunga kifuniko.

Akakohoa mara mbili.

Mwenye nyumba aliingia, geti likajifunga nyuma yake.

"Huyu nani?"

"Bosi, ni mambo ya betri tu..."

"Nani, shemeji? Ndani ya nyumba yangu!" Macho yake yalitua kwenye sikio la Sindano, kwenye kile kidude cheusi. Mkono wake ukazama mfukoni, kwenye kitufe cha kuwasha king'ora. "Aha. Basi msikilize mzee wenu akifa."

Alibonyeza.

Kimya.

Alibonyeza tena, meno yamekazana.

Nje, geti lilianza kuteleza. Lilifunguka lote.

Land Cruiser mbili ziliingia kwa kasi. Mlinzi wa stoo alikodoa macho juu, kwenye king'ora, akisubiri amri yake. Alikuwa bado anaisubiri wakati mtutu wa bunduki ulipogusa shingo yake.

Shemeji alichomoa Glock. Koleo la Sindano lilimpata kifundoni, bastola ikaanguka. Akaikanyaga.

"Babu mzima," Mkuu alisema sikioni. "Mzigo wote upo."

"Nimesikia."

Mwenye nyumba, pingu mikononi, hakumtazama Sindano kabisa. Alimtazama Shemeji.

"Umemfungulia boksi?"

"Bosi, mimi nilidhani..."

"Nyamaza! Dada yako alinionya."

Sindano alifuta koleo lake, akalirudisha mfukoni.

"Siku nyingine," alimwambia Shemeji, "nunua hata roli la bluu."

"Potelea mbali!"

Alitoka kwa geti lililo wazi, hakugeuka. Betri yake ndogo aliiacha pale pale. Chini ya paa, king'ora kiliendelea kuamini kwamba nyumba iko salama.