Baada ya Madirisha

Mapenzi ya Cheptanui na Kibii yalianza kwa kioo kuvunjika, na mwenye kuamini mikosi angekimbia siku hiyohiyo. Ilikuwa katika duka la vioo nyuma ya soko, Nakuru, watu wamejaa hadi mlangoni. Kibii alirudi kinyumenyume bila kuangalia, kiwiko chake kikapiga kioo cha saluni alichokumbatia Cheptanui. Pwaa! Chini.

“Boss, huna macho?” akafoka Cheptanui, akikung'uta gauni lake la manjano.

“Ninayo, lakini sasa yamekwama kwako.”

“Yakwamue ulipe.”

Akalipa, akabeba kingine mwenyewe mpaka saluni alikofanya kazi Cheptanui. Tangu hapo akawa anapita kila jioni kuuliza kama kioo kinaendelea vizuri.

Sasa ni mwaka wa pili wanaishi pamoja mtaa wa Section 58, katika nyumba ya marehemu babake Kibii, na Cheptanui amechoka. Nyumba ni kuukuu, madirisha yake ya chuma yamepakwa rangi hata hayafunguki. Lakini kinachomkaba koo si madirisha. Mtu yeyote wa ukoo wa Kibii akija mjini, iwe hospitali, iwe kununua mbolea, analala hapo, wala hapigi hodi. Baba mdogo Kosgei ana ufunguo wake kabisa! Cheptanui anaamka anakuta mzee sebuleni anaulizia chai, naye hata kuposwa hajaposwa.

“Tuuze, mpenzi,” Kibii alimwambia. “Tubadilishe madirisha, nyumba ipendeze, tuuze tuhamie Molo. Tukishauza tu, wazee wangu nawaleta kwenu Subukia kukuposa.”

Basi kila kitu kikawa baada ya madirisha. Fundi akapima ya chuma; Kibii akasema hapana, alumini. Fundi akapima tena. Kibii akataka mbao. Mamake Cheptanui alipopiga simu kuuliza wageni wa posa wanakuja lini, yeye alijibu, “Baada ya madirisha, mama,” mpaka akaona aibu kupokea simu.

Wiki hii fundi aling'oa yote ya zamani, kisha Kibii akamwambia asimamishe kazi. Hapo Cheptanui akafunga sanduku lake. Lakini ataondokaje? Nyumba imebaki mashimo matupu yaliyotundikwa shuka, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, Kibii yuko kazini, na wezi hawana likizo. Akakaa juu ya sanduku, akilinda nyumba anayoichukia, akilia kwa hasira.

Kibii akaingia na mfuko wa chipsi. “Mrembo wangu, sanduku la nini?”

“Niambie ukweli. Hutaki kunioa.”

“Nakutaka mpaka naumwa, Cheptanui.”

“Sasa hayo madirisha yana shida gani?”

Kibii akachuchumaa mbele yake. “Baba mdogo amesema nikiuza hii nyumba, hakuna mzee wa ukoo atakayekanyaga Subukia kuniposea. Nisipouza, wewe unaondoka. Madirisha yakiisha lazima nichague. Ndiyo maana nilikuwa nabadilisha tu.”

“Wakati huo wote nikidhani una mwingine!”

“Mwingine wa wapi? Wewe mmoja umenishinda.”

Cheptanui alitaka kumchapa, akajikuta anacheka na machozi yake.

“Nichagulie,” Kibii akamsihi.

“Sikuchagulii. Simu hiyo, mpigie mwenyewe.”

Kibii akachukua simu, akapiga. “Baba mdogo, nauza. Madirisha yanawekwa kesho. Subukia nitaenda peke yangu.”

“Uende kuposa peke yako kama mwizi?” mzee akafoka. “Watakufungulia mbwa!”

“Wakinifukuza nitarudi tena.” Akakata simu.

Cheptanui naye akampigia babake kabla ujasiri haujamtoka.

“Baba, kuna mtu anataka kuja huko kuniposa. Hana wazee. Wamemkataa kwa sababu yangu.”

Ng'ombe akalia upande wa pili. Kibii akafumba macho.

“Ni yule wa madirisha?”

“Ndiye, baba.”

“Jumamosi asije, tunapeleka ng'ombe joshoni kuogeshwa dawa. Aje Jumapili.” Mzee akakohoa. “Nitamwomba jirani yangu Kipruto akae upande wake amsemee. Mtoto wa watu hawezi kukaa mbele yangu peke yake.”

Kibii akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti.

“Nani huyo analia?” mzee akauliza.

“Ni mkwe wako, baba.”