Pumzi Ndani ya Boya

Kinue Terasawa alikuwa bado anakung'uta theluji viatuni alipoona kwamba vioo vya dukani vimeingia ukungu. Si vya madirisha. Hayo ni mambo ya kawaida katika mji wa Otaru wakati wa baridi. Ni vile vya kuuza, vilivyopangwa rafuni: bilauri, mitungi, hata taa za mafuta. Kila kimoja kilikuwa na mvuke ndani, kama kimetoka kupumuliwa sasa hivi. Na duka zima lilinuka machenza.

"Umekuja peke yako?" aliuliza Mitsuyo, mke wa fundi wa vioo, akimpokea koti.

"Mume wangu hataki kusikia habari hii."

"Wanaume hao. Wangu alisema tulifukie boya bustanini, yaishe. Nikamwambia jini la watu halizikwi uani kwangu." Mitsuyo akajiuma ulimi. "Nisamehe, mama. Mdomo wangu hauna breki."

Kinue hakukasirika. Alikuwa njiani tangu alfajiri kwa ajili ya kitu kimoja tu, pumzi iliyobaki ya mwanawe wa pekee. Chinatsu alipita hapa majira ya baridi yaliyopita, akizurura peke yake na begi mgongoni kama alivyopenda, akila machenza na kuacha maganda kila mfuko. Alipuliza boya la kioo katika karakana ya nyuma. Kioo kibichi lazima kilale ndani ya tanuru kipoe polepole, la sivyo hupasuka, kwa hiyo aliambiwa arudi kesho yake kulichukua. Jioni ile ile basi lake liliteleza mlimani, na kesho hiyo hakuiona.

Mzee Kuwabara, fundi mwenyewe, alitoka karakanani akainama mbele ya Kinue, na hakuinuka upesi.

"Kosa ni langu, Mama Chinatsu. Mgeni akipuliza, chombo huachwa mdomo wazi. Lakini mwanao alinibembeleza. Alitaka boya la kweli, kama yale ambayo babu yake alifunga kwenye nyavu. Na boya la kweli huzibwa. Nikaliziba kwa donge la kioo, pumzi yake ikiwa ndani."

Akaliweka mezani. Lilikuwa la kijani, kubwa kama tikiti dogo, na ndani yake ukungu ulikuja ukaondoka, ukaja ukaondoka. Kinue akalipakata. Lilikuwa na joto.

"Naondoka nalo," alisema. "Litalala kitandani kwake."

Mume na mke wakatazamana.

"Sikiliza kwanza," Kuwabara alinong'ona.

Kulianza kugonga, kidogo, ukucha juu ya kioo, na ukucha huo ulikuwa kwa ndani. Kisha bilauri za rafuni zikaitikia, na mitungi nayo, mpaka duka zima likawa linagongwa na vidole visivyoonekana, na kule nyuma moto wa tanuru ukanywea, na Kinue akahisi hewa ya kifua chake mwenyewe ikivutwa kutoka kinywani, nyembamba kama uzi, huku Mitsuyo akiishika meza, midomo ikimgeuka rangi, na katikati ya kugonga kule ikatoka sauti ambayo Kinue angeitambua hata kaburini: "Mama, hewa. Mama, nabanwa."

Kisha kimya.

"Mwanzo aligonga tu," Kuwabara alisema. "Sasa hewa imemwishia humo, anavuta yetu."

Mitsuyo alikuwa bado anahema. "Kwenu, jeneza likitoka nyumbani, hamvunji bakuli la wali la marehemu, asirudi?"

"Tunavunja." Kinue akainamisha kichwa. "La kwake nililificha. Kila jioni nalijaza wali. Nilitaka arudi."

"Basi, dada yangu, kwenda hawezi na kurudi hawezi."

Kuwabara akaweka nyundo ndogo mezani. Alisema yeye hawezi kumsaidia kulivunja boya, kazi hiyo ni ya mtu wa nyumbani kwa marehemu.

Kinue alilia bila kujificha. Akilivunja, hakutabaki popote duniani kitu cha Chinatsu chenye uhai, majivu ya mwili wake hayapumui. Asipolivunja, mtoto atabanwa siku zote, na mama yake ndiye aliyemfungia mlango. Akalibusu, akalipiga.

Boya lilipopasuka, aliinamisha uso juu ya vigae vile, akafungua kinywa, akaivuta pumzi yote. Kisha akafunga midomo.

Moto wa tanuru ukainuka. Mitsuyo akapata nafuu. Lakini Kinue alisimama vile vile, mikono imeziba mdomo, machozi yakimpita kwenye vidole.

"Iachie, mama," Kuwabara alisema.

Akatikisa kichwa.

"Iachie, tafadhali. Atakwendaje?"

Macho yalimwiva, mishipa ya shingo ikasimama. Alitaka kukaa naye kidogo tu, halafu kidogo tena. Lakini kifua ni kifua, hakijui uchungu wa mama. Mdomo ukafunguka wenyewe, na pumzi ikatoka polepole, ikiguna kama mtoto anayegeuka usingizini, ikapita shavuni mwake na kwenda zake.

Kinue akapiga magoti. Na kwa kuwa yeye alikuwa hai, ikambidi avute pumzi nyingine.